Kipande Kilichorudi Kinondo

Jumamosi, alasiri. Ukunda.

Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Joto limeingia ndani likakataa kutoka. Nimefua, nimeanika, nimeanua nikidhani itanyesha, kisha nimeanika tena. Nimebandika maharage nikayasahau mpaka yakashika chini. Jirani yangu amenigongea mlango kuuliza kama kuna kitu kinachoungua, nikamwambia ni maharage tu, asiwe na wasiwasi.

Wasiwasi ninao mimi.

Kukaa siwezi. Nikikaa namsikia Saumu akiniuliza lile swali lake. Basi naandika nimesimama, simu nimeiegemeza kwenye kabati la vyombo, na kidole gumba kimeanza kuuma.

Wanaonisoma siku zote wananijua, lakini huenda leo kuna mgeni. Naitwa Mishi. Nafanya kazi katika mradi wa utafiti wa hospitali moja ya chuo kikuu, huku kwetu Kwale. Hospitali sitaitaja, na majina ya watu wote nimeyabadili. Madaktari wanataka kujua kwa nini baadhi ya watoto wetu huzaliwa wadogo hata mimba ikiwa imetimiza miezi yake. Mimi si daktari wala si muuguzi. Kwenye kitambulisho changu pameandikwa afisa wa ushirikishaji jamii, maneno ambayo marehemu baba hakuwahi kuyaelewa. Alikuwa akiwaambia watu kwamba binti yake ameajiriwa kuongea. Hakukosea sana.

Madaktari wakitaka jambo kwa watu, mimi natangulia. Naeleza, nasikiliza, narudi hospitalini na maswali. Watu wakitaka jambo kwa madaktari, nalibeba mimi vile vile.

Sasa utafiti huu unahitaji kondo la nyuma. Ndilo lililomlisha mtoto tumboni miezi yote ile, na madaktari wanaamini ndani yake ndimo lilimo jibu la kwa nini mtoto hakushiba. Kwao ni nyama yenye habari. Kwa wazee wa Kinondo ni sehemu ya mtoto mwenyewe. Huoshwa, hufungwa kwenye kitambaa safi, huzikwa nyumbani. Mtu mzima akiulizwa kwao ni wapi, anaonyesha hapo.

Nilipoitisha mkutano wa kwanza kule Kinondo, katika darasa la madrasa, wanawake walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha Bi Mejumaa akanyoosha mkono. Ni mjane, analima mihogo, na ana sauti ndogo inayowafanya watu wote wanyamaze ili wamsikie.

"Mwanangu," alisema, "mkishakata mnachokitaka, kinachobaki mnakipeleka wapi?"

Nilimjibu kweli, kwamba huchomwa pamoja na taka za hospitali.

Hakuna aliyenitusi. Walisimama, wakavaa viatu vyao, wakaniaga mmoja mmoja kwa heshima zote, wakaenda zao.

Jambo hilo nililipigania kwa miezi. Daktari Otieno, mkuu wa utafiti, ni mtu wa bara, mpole, lakini hapendi kupanguliwa mipango yake. Alisema kurudisha makondo kutaleta usumbufu mkubwa. Nikamwambia tusiporudisha, hatutakuwa na utafiti wa kusumbuliwa. Mwishowe akakubali. Tukapanga hivi: kitakatwa kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kitawekwa kwenye friji ya maabara kisubiri kupimwa, na kondo lenyewe litarudi kwa wenyewe siku hiyo hiyo, ndani ya ndoo safi yenye kifuniko cheupe.

Nilirudi madrasa nikasimama mbele ya wanawake wale wale. Sikusema hospitali inaahidi. Nilisema, "Mimi Mishi naahidi."

Wa kwanza kumleta mkamwana wake alikuwa Bi Mejumaa.

Huyo mkamwana ndiye Saumu. Mumewe ni mpishi katika hoteli moja ya Diani na huja nyumbani siku za mapumziko tu, kwa hivyo maisha ya Saumu ni yeye na Bi Mejumaa, mavyaa wake. Siku ya kujiandikisha alinijibu kila kitu kwa ndiyo na hapana, huku akichezea pindo la leso. Nilidhani ameletwa tu, amekuja kwa kutii. Lakini tulipobaki wawili, nikimpeleka chumba cha kupimia, alinieleza bila kunitazama kwamba kabla ya mimba hii alikuwa na mtoto. Wa kiume. Alizaliwa mdogo, akafariki kabla ya kutimiza arobaini.

"Waliniambia ni mapenzi ya Mungu, nami nimekubali," alisema. "Lakini nataka kujua, dada Mishi. Kutaka kujua si kukufuru, ama ni kukufuru?"

Nikamwambia si kukufuru.

"Basi mavyaa usimwambie. Ataona bado sijaridhika."

Sikumwambia.

Jumanne Saumu akajifungua salama. Msichana. Mdogo, kama alivyokuwa akihofia, lakini ana sauti ya mnadi samaki. Nilipofika wodini nilikuta wamemfunga kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi, apate joto. Saumu alikuwa anatabasamu akiwa amefumba macho. Bi Mejumaa alikuwa nje, kwenye benchi la ukumbini, na kitambaa cheupe kimekunjwa mapajani.

"Shikamoo, mama. Hongera."

"Marahaba, mwanangu. Tumshukuru Mungu. Nimekuja kuchukua amana yetu."

Nikaenda maabara kuichukua ile ndoo. Nilitembea kama mtu anayekwenda kupokea zawadi, maana hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza ahadi yangu kutimizwa mbele ya macho ya Kinondo.

Kelvin, kijana wa Nakuru anayesimamia maabara, alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kichwani.

"Mishi, kuna shida. Ile ndoo haiko."

"Haiko vipi?"

"Imebebwa na zile zingine. Imeenda kuchomwa."

Tuliwafundisha wakunga. Tukawafundisha watu wa maabara. Hatukumfundisha mtu anayebeba ndoo. Aliyeingia zamu alikuta ndoo zimepangwa mlangoni akazibeba zote, na hapo alikuwa akifanya kazi yake vizuri kabisa. Mimi nimekaa vikao vingapi nikizungumzia jamii, na sikukumbuka kwamba anayefagia korido ile ile ninayopita kila siku naye ni mtu wa kuelezwa.

Nilikimbia mpaka kwenye tanuri, nyuma ya jengo. Mlango wa chuma ulikuwa bado moto.

Niliporudi, Kelvin alikuwa amefungua friji.

"Sikiliza," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kuna mama amejifungua asubuhi hii, amesema lake hataki, tufanye nalo tunavyotaka. Liko hapa. Tuliweke kwenye ndoo, tufunge kifuniko. Nani atajua?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimkatalia palepale. Sikumkatalia. Nilisimama nikaitazama friji ile, na hewa yake baridi ikinipiga miguuni, nikawaza kwamba ni kweli, hakuna atakayejua. Bi Mejumaa atakwenda nyumbani ameridhika. Saumu atalala. Mradi utaendelea. Na mimi nitabaki Mishi aliyeahidi akatimiza.

Kisha nikamwona, kwa mawazo, Bi Mejumaa anavyoliosha. Analifunga kwenye kitambaa chake alichokifua kwa ajili hiyo. Anamwombea mjukuu wake dua juu ya kitu cha mtoto wa mwanamke mwingine, na kila mwaka anamwonyesha mjukuu pale, hapa ndipo kwenu.

"Hapana, Kelvin."

Sikusema kwa ukali. Yeye mwenyewe alishusha pumzi akafunga friji haraka, kana kwamba alikuwa akiomba akataliwe.

Nilimpigia simu Daktari Otieno, aliyekuwa Mombasa kwenye mkutano. Akasema nisimwambie mtu yeyote mpaka arudi, tukae, tutafute namna ya kulisema. Nikamwambia sawa. Nikakata simu. Nikatembea moja kwa moja mpaka kwenye benchi nikaketi karibu na Bi Mejumaa na kumwambia.

Nimewahi kupeleka habari mbaya. Watu hulia, au huuliza maswali, au hukasirika. Bi Mejumaa hakufanya hata moja kati ya hayo. Alianza kukikunja kile kitambaa. Akakikunja tena, na tena, mpaka kikawa kidogo cha kuingia kiganjani.

"Limechomwa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Pamoja na nini?"

Sikutaka kulijibu hilo. "Pamoja na taka nyingine za wodi."

Alitikisa kichwa polepole. "Shimo nimekwisha kulichimba," alisema. Akainuka akaingia wodini kwa mkamwana wake, akaniacha kwenye benchi.

Jioni ile ile Kinondo nzima ilikuwa na habari. Mwenyekiti wa kamati ya kijiji alinipigia, mtu ambaye siku zote hunitania kwanza kabla ya kusema alilonalo. Hakunitania. Akina mama waliojiandikisha walikuwa wanawaambia waume zao wamejitoa. "Hawasemi hospitali imewadanganya," aliniambia. "Wanasema Mishi."

Nikiri jambo hapa. Usiku ule sikumfikiria Saumu hata kidogo. Nilifikiria jina langu.

Alhamisi Daktari Otieno akaja Kinondo. Hakuwa amefurahi kwamba sikumsubiri, na njiani hatukuzungumza. Lakini nimpe haki yake: alipofika hakutafuta kiti. Alivua viatu mlangoni, akaketi mkekani na miguu yake mirefu asijue pa kuiweka. Chumba kilikuwa kimejaa. Walikuwapo mawifi wa Bi Mejumaa, majirani, na mwenyekiti amesimama mlangoni. Saumu alikuwa pembeni kabisa, karibu na dirisha, mtoto amefungwa kifuani ndani ya leso.

"Shikamoo, mama," daktari alisema.

"Marahaba. Karibu."

"Mama, tuliahidi kitu na hatukutimiza. Sina sababu ya kukupa. Ningeweza kumtuma mtu, lakini nimeona nije mwenyewe niombe msamaha."

Bi Mejumaa alimtazama. "Msamaha tumeupokea," alisema. "Binadamu hukosea. Lakini ile ilikuwa amana, daktari. Je, kuna chochote kilichobaki?"

Daktari alinigeukia. Nilijua anachofikiria, maana na mimi nilikuwa nimekwisha kukifikiria.

"Kuna kile kipande kidogo tulichokata," alisema. "Kiko kwenye friji ya maabara. Hakijapimwa bado."

"Basi hicho kirudi."

"Kirudi," walisema mawifi.

"Kirudi, ndiyo," mwenyekiti akaitikia mlangoni.

Daktari alieleza vizuri, kwa Kiswahili chake cha taratibu. Kipande hicho kikipimwa kinasagwa na kuisha, hakutakuwa na cha kurudisha. Kikirudishwa, hakitapimwa, na hatutajua chochote kuhusu kondo hilo. Kukigawa mara mbili haiwezekani, kwa kuwa hata hivyo kilivyo ni kidogo. Kisha akasema, "Ila kwa taratibu zetu anayeamua ni mama wa mtoto. Saumu, wewe unasemaje?"

Watu wote wakageuka kumtazama.

Mimi ndiye ninayewafundisha wafanyakazi wapya wa mradi. Kila wanapoingia huwaambia kwamba mwanamke akiulizwa mbele ya wakwe, hajaulizwa. Ninazo hata picha za kuchora za somo hilo. Na katika chumba kile kizima, mtu pekee aliyejua Saumu anataka nini alikuwa mimi. Siri yake nisingeitoa, wala haikuhitajika. Sentensi moja ingetosha: daktari, tumpe nafasi, tuzungumze naye pembeni.

Ilikuwa ulimini. Lakini nilikuwa nimekwisha kuuona mlango wa kutokea. Kipande kirudi, Kinondo irudi, Mishi arudi kuwa mtu wa kuaminika.

Nikanyamaza.

Saumu alimtazama mtoto. Akamfunika kichwa, ingawa kilikuwa kimefunikwa tayari.

"Kirudisheni," alisema.

"Alhamdulillahi," wakasema wote kwa pamoja, na chumba kikapumua. Bi Mejumaa alinyoosha mkono akamgusa mkamwana wake begani, kwa upendo kabisa. Nataka hilo lieleweke. Bi Mejumaa si mama mkwe wa kwenye michezo ya redio. Hakumlazimisha mtu. Alikuwa anatetea kitu cha mjukuu wake, na hakuna aliyemwambia kwamba pembeni pale pana mtu anayetaka kitu kingine.

Jana, baada ya sala ya Ijumaa, nikakipeleka. Kelvin alikitoa mwenyewe kwenye friji. Kichupa kilikuwa na namba. Aliibandua, akaandika jina la Saumu kwa kalamu, akakiweka ndani ya kisanduku cha barafu.

Bi Mejumaa alikipokea kwa mikono miwili. Alikiosha ndani ya bakuli, na kilikuwa kidogo kiasi kwamba alikuwa akichungulia maji mara kwa mara asije akakimwaga. Akakifunga kwenye kile kitambaa cheupe. Kitambaa kilikuwa kikubwa mno, akakizungusha na kukizungusha. Shimo nalo lilikuwa limechimbwa kwa ajili ya kitu kizima. Aliinama akakiweka chini kabisa, akaomba dua yake, na mawifi wakasaidia kufukia. Ilichukua mchanga mwingi.

Kisha ikawa kama sherehe. Chai ikaletwa na mahamri. Mwenyekiti akanitania, akaniuliza kama sasa nimepata usingizi. Akina mama waliojitoa wakaniambia watarudi wiki ijayo, lakini kwa sharti kwamba mtu wa kijiji awe anakuwapo hospitalini ndoo zinapopangwa. Sharti zuri, tulipaswa kulifikiria wenyewe. Nikampigia daktari nikamweleza. Baadaye akaniandikia ujumbe: "Kazi nzuri sana, Mishi. Jamii imerudi. Umeokoa mradi."

Nilifurahi. Nisiseme sikufurahi. Nilisoma ujumbe ule zaidi ya mara moja.

Saumu alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimwambia arudi, bado hajapona vizuri, akasema anataka kunyoosha miguu. Tulitembea polepole. Mtoto alikuwa amelala. Tuliongea habari za maziwa, kwamba yanatoka vizuri, na kwamba baba mtoto amepata ruhusa atakuja Jumapili. Tulipofika pale bodaboda zinaposimama, akasimama.

"Dada Mishi. Jana, mbele ya wale watu wote. Ningesema bakini nacho, ungesimama na mimi?"

"Ningesimama," nikasema.

Nililisema upesi mno. Hata halikunipitia kichwani, lilitoka tu, kama mtu anavyojibu salama akiulizwa habari za asubuhi.

Saumu alinitazama. Hakukasirika. Alitikisa kichwa vile unavyomtikisia mtoto aliyekwambia amenawa mikono, na wewe unaiona bado ina tope.

"Haya, dada. Ufike salama."

Akageuka akarudi nyumbani kwa mavyaa wake.

Tangu hapo sijatulia.

Nimejaribu kujitetea. Nimejiambia kwamba labda ndicho alichokitaka kweli. Mtu hubadilika akishajifungua, akishamwona mtoto wake hai. Labda alipomwona mavyaa wake anakunja kitambaa aliona kwamba amani ya nyumba ni kubwa kuliko jibu la daktari. Yeye ndiye atakayeishi katika nyumba ile, si mimi, na si Daktari Otieno. Huenda aliamua vema kuliko sisi sote.

Huenda. Lakini sijui, na sijui kwa sababu sikumuuliza.

Kwenye ripoti zetu huwa tunaandika jamii imekubali, jamii imekataa. Nimeyaandika mimi mwenyewe maneno hayo hata siyaoni tena. Juzi jamii ilikubali. Ilikuwa chumba kizima cha watu walioridhika, na mwanamke mmoja karibu na dirisha. Yule mmoja ndiye aliyebeba mimba. Kipande kilikuwa chake. Na alimzika mwanawe wa kwanza bila kujua sababu, na sasa amezika na sababu yenyewe.

Saa sita mchana sikuvumilia, nikampigia Daktari Otieno ingawa ni siku yake ya mapumziko. Nilimwuliza kama kuna njia nyingine ya kujua chochote kuhusu Saumu, bila kondo. Hakuniuliza kwa nini. Alisema ipo damu yake aliyotoa wakati wa ujauzito, na inaweza kuwaonyesha kitu, au isiwaonyeshe. Watajaribu, kama Saumu mwenyewe atataka.

"Lakini usimwahidi, Mishi," alisema.

"Simwahidi."

Nikasikia watoto wake wakicheza nyuma. "Alhamisi sikupaswa kumuuliza pale mbele ya watu, ama?" akasema.

"Hukupaswa. Na mimi sikupaswa kukuacha."

"Wiki ijayo tukae tuliandike hilo kwenye utaratibu. Mama aulizwe peke yake, kabla ya mkutano wowote."

Nikasema tutaliandika. Tutaliandika, na litamsaidia mwanamke mwingine ambaye hata simjui bado. Saumu halimsaidii kitu.

Sasa mvua imeanza. Matone makubwa, yametangulia machache kwenye bati, na nguo zangu ziko nje. Niziache. Zilikuwa zimefuliwa mara moja tu, wacha iwe mara mbili.

Kesho asubuhi naenda Kinondo. Fulana ya mradi itabaki hapa nyumbani, nitavaa buibui langu la kila siku. Nitampa Bi Mejumaa shikamoo yake, nimwulize hali, ninywe chai yake ikiwa atanikaribisha. Kisha nitamwomba ruhusa nizungumze na Saumu tukiwa wawili. Nitamwambia habari ya damu, pamoja na kwamba huenda isionyeshe kitu, na kwamba akitaka iachwe itaachwa na hakuna atakayejua kwamba aliulizwa.

Na kabla ya hilo nitamjibu swali lake upya. Nitamwambia kwamba angesema bakini nacho, mimi nisingesimama naye. Ningetazama chini, nikasubiri wengine wamshawishi. Nililijua hilo hata nilipokuwa namjibu pale barabarani.

Sijui atalipokeaje. Huenda akalia, huenda akanicheka. Huenda akambeba mtoto wake akaingia ndani na asitake kuniona tena, wala kusikia habari za damu wala za madaktari.

Akitaka hivyo, na iwe hivyo. Angalau hilo atakuwa ameliamua mwenyewe.